Lichi za Guangzhou: tunda la siku tatu latafuta uhai ndani ya chupa

Kila unapoingia mwezi wa Juni, wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofikia katika mtaa wa Xiaobei mjini Guangzhou, kusini mwa China, huona rangi za barabarani zikibadilika. Matenga ya wachuuzi hujaa matunda mekundu yenye ganda la kukwaruza, na ndani yake nyama nyeupe iliyojaa maji matamu. Ni msimu wa lichi.

Mgeni aliyetoka Unguja hahitaji maelezo marefu. Lichi na shokishoki ni matunda ya ukoo mmoja wa miti, na namna ya kuyala ni ileile: ganda humenywa kwa kucha, nyama hutiwa kinywani, kokwa hutupwa.

Lakini nyuma ya matenga hayo pana mashaka ambayo mpita njia hayaoni. Mkulima wa lichi ana wiki chache tu za kuuza alichokitunza mwaka mzima, na kila tunda linapotenganishwa na mti huanza kuharibika siku hiyohiyo. Asipopata mnunuzi kwa wakati, hana la kufanya.

Ndiyo maana katika wilaya za Conghua na Zengcheng, ambazo zote mbili ni sehemu ya jiji la Guangzhou, baadhi ya mavuno sasa hayapelekwi sokoni. Yanakamuliwa, yanachachushwa na kufanywa mvinyo, ukiwemo mvinyo wa mapovu unaonywewa baridi kama ule wa Ufaransa na Uingereza.

Je, mvinyo huo unatengenezwaje? Na je, unaweza kweli kumwokoa mkulima mdogo?

Tunda lisilosubiri

Lichi limepandwa kusini mwa China kwa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 111 kabla ya Kristo, baada ya majeshi ya Mfalme Wu wa ukoo wa Han kuuteka ufalme wa Nanyue, ambao mji wake mkuu ndio Guangzhou ya leo, mfalme huyo aliagiza miche ya lichi ikapandwe katika makao yake kaskazini. Masimulizi ya kale yanasema miche yote ilikufa. Baridi ya kaskazini haikuivumilia, nayo haikuivumilia baridi.

Karne nane baadaye, ukoo wa Tang ulijaribu njia nyingine. Mti ulipokataa kuhamia kwa mfalme, tunda lilipelekwa mbio. Inasimuliwa kwamba farasi walipokezana njia nzima hadi mji mkuu wa Chang'an, ili Yang Guifei, kipenzi wa Mfalme Xuanzong, aonje lichi kabla halijachacha. Hadi leo mojawapo ya aina zinazolimwa kwa wingi huitwa Feizixiao, yaani tabasamu la kipenzi wa mfalme.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Likichumwa na kuwekwa katika joto la kawaida, ganda la lichi hupoteza maji upesi, na vimeng'enya vilivyomo huligeuza kutoka wekundu kuwa kahawia kwa muda wa siku mbili au tatu. Nyama ya ndani yaweza kuwa bado nzuri, lakini mnunuzi hutazama ganda kwanza.

Siku hizi farasi wamepisha ndege, vyumba vya baridi na masanduku yenye barafu. Katika jimbo la Guangdong, ambalo Guangzhou ndio mji wake mkuu, ndege ndogo zisizo na rubani nazo zimeanza kuteremsha lichi kutoka mashamba ya vilimani hadi barabarani. Yote hayo hununua saa chache. Hayaondoi tatizo lenyewe.

Kati ya ufahari na hasara

Kwa upande mmoja, hakuna tunda lenye sifa kubwa kama hili. Katikati ya mji wa Zengcheng kuna mti unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 400, wa aina iitwayo Gualv, uliozungushiwa uzio na kulindwa kama hazina. Mwaka 2002 tunda moja tu la mti huo liliuzwa mnadani kwa yuan 555,000, kiasi cha dola 67,000 za Marekani kwa kiwango cha wakati huo.

Kwa upande wa pili kuna mkulima wa kawaida. Yeye hana mti wa mnada. Ana aina kama Huaizhi, ambayo huzaa sana na bei yake ni ndogo, na mashamba yake yako juu ya vilima ambako kila tawi hukatwa kwa mkono. Mavuno yakiwa mengi, bei huweza kushuka hadi isitoshe kuwalipa vibarua wa kuchuma.

Mlichi pia una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Tena, ili uchanue vizuri, unahitaji majira ya baridi yenye ubaridi wa kutosha na ukavu. Pasipo ubaridi huo mti huchipuza majani badala ya maua.

Hali hiyo ilijidhihirisha mwaka 2024. Baada ya majira ya baridi yaliyokuwa na joto na masika yenye mvua nyingi, mavuno ya Guangdong yalianguka vibaya na bei ikapanda. Mwaka 2025 miti ilizaa kwa wingi na bei ikaporomoka. Katika mwaka wa kwanza wengi hawakuwa na cha kuuza. Katika wa pili walikuwa nacho lakini thamani yake ilikuwa imepungua.

Wataalamu wa kilimo wanaeleza kwamba kadiri dunia inavyozidi kupata joto, ndivyo kupanda na kushuka huko kunavyoweza kuwa kukubwa zaidi. Kwa hiyo swali la kuhifadhi mavuno ya mwaka mwema limekuwa swali la maisha.

Kutoka tunda hadi mvinyo

Watu wa Guangdong wamekuwa na desturi ya kuloweka lichi ndani ya pombe kali ya mchele. Hiyo ni pombe iliyotiwa ladha ya tunda, si mvinyo. Mvinyo hasa hupatikana maji ya tunda lenyewe yanapochachushwa.

Jambo hilo si geni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Anayejua mbege ya Kilimanjaro, tonto ya Uganda au tembo la mnazi la mwambao anaijua kanuni yake: hamira hula sukari, na badala yake hutoa kileo na hewa ya ukaa.

Hesabu yake ni nyepesi. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kileo. Maji ya lichi lililoiva mara nyingi huwa na gramu 160 hadi 200 za sukari kwa lita. Yakichachushwa hadi mwisho, hutoa mvinyo wenye kileo cha asilimia tisa hadi 12 hivi, bila kuongezewa sukari.

Ugumu uko kwingine. Kwanza, lichi lina uchachu kidogo mno. Mvinyo usio na uchachu huwa mzito mdomoni na huharibika kwa urahisi, kwa sababu uchachu ni mlinzi dhidi ya vijidudu. Hivyo watengenezaji hulazimika kuuongeza.

Pili, thamani yote ya lichi imo katika harufu yake, na harufu hiyo hupeperuka. Wanasayansi wamegundua kwamba miongoni mwa vitu vinavyoifanya ni vile vinavyopatikana pia katika waridi na katika zabibu nyeupe za Gewürztraminer, ambazo wanywaji wa Ulaya kwa muda mrefu wamekuwa wakisema zinanukia kama lichi. Uchachushaji ukifanyika katika joto kali, harufu hiyo huondoka pamoja na hewa ya ukaa. Kwa sababu hiyo kazi hufanywa polepole, katika matangi ya chuma kisichoshika kutu yaliyopozwa.

Mapovu hutoka wapi?

Mapovu ni hewa ya ukaa iliyonyimwa njia ya kutokea. Kuna namna tatu za kuinyima njia.

Ya kwanza ndiyo ya kale na ya gharama. Mvinyo uliokwisha kuchachuka hutiwa katika chupa nzito, huongezwa sukari kidogo na hamira, kisha chupa hufungwa. Hamira hufanya kazi tena gizani, na hewa inayozaliwa huyeyuka ndani ya mvinyo. Shinikizo hufikia takriban mara sita ya lile la hewa tunayovuta, zaidi ya maradufu ya tairi la gari dogo. Chupa hulazwa kwa miezi au miaka, kisha masalia ya hamira hukusanywa shingoni na kutolewa.

Ya pili ni kuufanya mchachuko huo wa pili ndani ya tangi kubwa lililofungwa, na kutia mvinyo chupani ukiwa tayari na mapovu yake. Ya tatu, iliyo rahisi kuliko zote, ni kuusindilia mvinyo hewa ya ukaa kama inavyofanywa kwa soda.

Kwa lichi, njia ya kale haina faida kubwa. Miaka ya kulala juu ya hamira huupa mvinyo wa zabibu ladha ya mkate na njugu, lakini lichi halitafuti ladha hiyo. Linataka kunywewa likiwa bado linanukia tunda. Tangi, au kusindiliwa hewa, hulifaa zaidi, na humwezesha mwenye kiwanda kidogo kupata fedha yake katika mwaka uleule.

Somo kutoka Uingereza

Anayetilia shaka kwamba nchi isiyo na jina katika mvinyo inaweza kujipatia jina, na atazame Uingereza.

Waingereza waliyafahamu mapovu zamani. Mnamo Desemba 1662, mwanasayansi Christopher Merret aliieleza Jumuiya ya Kifalme mjini London jinsi wafanyabiashara walivyokuwa wakitia sukari katika mvinyo ili uchangamke. Lakini mvinyo wenyewe walikuwa wakiuagiza kutoka nje, kwani zabibu za kwao ziliiva kwa shida na zilikuwa chachu.

Uchachu huohuo uliodharauliwa ndio uliokuja kuwa mtaji. Mvinyo wa mapovu huhitaji zabibu chachu zenye sukari ya wastani. Mwaka 1988 mizabibu ya aina zinazotumiwa Champagne ilianza kupandwa katika shamba la Nyetimber, Sussex Magharibi. Mwaka 1995 familia moja ilianzisha shamba la Ridgeview karibu na kijiji cha Ditchling. Joto lililokuwa likiongezeka mwaka hadi mwaka liliwasaidia, na udongo wa chokaa wa kusini mwa Uingereza unafanana na ule wa Champagne kwenyewe.

Mwaka 2010 mvinyo wa Ridgeview ulishinda tuzo ya mvinyo bora wa mapovu katika mashindano ya dunia ya jarida la Decanter. Tarehe 20 Oktoba 2015, Rais Xi Jinping wa China alipokaribishwa na Malkia Elizabeth katika kasri la Buckingham, mvinyo uliofungulia karamu haukuwa wa Ufaransa. Ulikuwa wa Ridgeview.

Hata hivyo, wakulima hao hawaishi kwa raha. Baridi kali ya mwezi Aprili inaweza kuua machipukizi yote kwa usiku mmoja, na wengine huwasha mishumaa mikubwa kati ya mistari ya mizabibu hadi alfajiri. Mvua huleta ukungu, na ukungu huleta dawa. Mwaka 2020 wazalishaji walianzisha mpango wa kuthibitisha mashamba yanayopunguza dawa, yanayotunza udongo na kupunguza uzito wa chupa.

Guangzhou na Sussex ni kinyume kwa kila jambo: huku joto, kule baridi, huku tunda lina uchachu haba, kule unazidi. Lakini jambo moja wanalishirikiana. Wote wawili waliacha kuililia hali ya hewa yao, wakauliza inafaa kwa nini.

Shamba linalojitunza

Katika suala la kulima bila kuua ardhi, Guangdong ina mengi ya kufundisha.

Adui mkubwa wa mlichi ni kunguni wa miti anayefyonza maua na matunda machanga. Katika miaka ya 1960, Profesa Pu Zhelong wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen cha Guangzhou aliongoza kazi ya kuzalisha nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya kunguni huyo na kuyaua. Nyigu hao waliachiliwa mashambani badala ya kumwaga sumu, na njia hiyo bado inatumika.

Wazo hilo halikuwa geni katika eneo hilo. Kitabu kinachohesabiwa kuwa cha mwaka 304 kinaeleza jinsi watu wa kusini mwa China walivyonunua viota vya sisimizi na kuvitundika katika michungwa ili walinde matunda. Ndugu wa sisimizi hao wako Zanzibar na mwambao wa Tanzania, ambako huitwa maji moto kwa ukali wa kuuma kwao. Watafiti wamethibitisha tangu miaka ya 1950 kwamba maji moto huilinda minazi dhidi ya wadudu wanaopukutisha nazi changa.

Katikati ya jiji la Guangzhou kwenyewe kuna ushahidi mwingine. Wilayani Haizhu wakulima walizoea kuinua matuta na kuchimba mifereji mirefu kati yake. Maji ya Mto Lulu huingia na kutoka kwa kupwa na kujaa, na tope la mifereji huzolewa na kurudishwa juu kuwa mbolea ya milichi na matunda mengine.

Jiji lilipopanuka, mashamba hayo yalizingirwa na majumba marefu, na kila mwenye kujenga aliyatamani. Mwaka 2012 serikali iliyatwaa kwa masharti kwamba yasigeuzwe viwanja vya ujenzi. Leo ni hifadhi ya ardhi oevu yenye hekta 1,100 hivi, na mwaka 2023 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Nani anafaidika?

Swali gumu zaidi si la hamira wala la mapovu. Ni la fedha.

Kiwanda cha mvinyo hununua lichi lililopasuka, lililo dogo au lililobadilika rangi, ambalo soko lingelikataa. Hilo ni jema. Lakini kikiwa ndicho mnunuzi pekee, nacho kinajua kwamba tunda halingoji, basi bei huipanga chenyewe. Mkulima huwa ameondoka mikononi mwa dalali na kuingia mikononi mwa kiwanda.

Katika wilaya ya Conghua umejaribiwa mpango mwingine: mteja wa mjini hulipia mti mzima kabla ya msimu, na mkulima humtunzia hadi mavuno. Mwaka ukiwa mbaya, hasara hugawanywa. Ukiwa mwema, mkulima alikwisha kupata fedha yake mapema. Mpango kama huo ukiunganishwa na kiwanda cha ushirika, mkulima huwa na milango mitatu ya kuuzia badala ya mmoja.

Pia si lazima kila tunda lifanywe kileo. Kwa wengi, wakiwemo Waislamu wa Guangzhou ambao msikiti wao wa Huaisheng ni miongoni mwa ile ya kale kabisa nchini China, mvinyo hauna nafasi mezani. Lichi hukaushwa, hufanywa maji ya kunywa na siki, na maua yake huwapa nyuki asali inayopendwa sana.

Yanayoihusu Dodoma

Mfanyabiashara aliyetoka Tanzania akisikia habari hizi, mawazo yake huenda Dodoma.

Huko zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawawezi hata kuliota. Kituo cha utafiti cha Makutupora kina aina yake yenyewe ya zabibu nyekundu, na katika vijiji kama Hombolo kuna viwanda vya mvinyo. Hata hivyo, mara kwa mara wakulima wadogo wamelalamika kwamba zabibu zimeozea shambani kwa kukosa mnunuzi.

Wengine walipata njia waliyoiita mchuzi wa zabibu: kuzikamua na kuzihifadhi zikiwa maji katika matangi, kisha kuyauza viwandani. Ni fikra ileile ya Guangzhou. Anayeweza kuhifadhi anaweza kusubiri, na anayeweza kusubiri anaweza kukataa bei mbaya.

Serikali ya Tanzania nayo imetoza ushuru mdogo kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini. Lakini unafuu wa ushuru hauwezi kulipoza tangi. Umeme wa uhakika, vyumba vya baridi, chupa na maji safi ndivyo vinavyotenganisha mchuzi uliohifadhiwa na mchuzi uliochacha.

Mara mbili kwa mwaka tangu 1957, Guangzhou huandaa maonyesho makubwa ya biashara yanayojulikana kama Maonyesho ya Canton, na Waafrika Mashariki ni miongoni mwa wanaohudhuria. Wengi hurudi na nguo, simu na vigae. Katika kumbi hizohizo huuzwa pia mashine: za kukamulia matunda, za kupozea matangi, za kujazia chupa.

Huenda mashine hizo ndizo mzigo wenye faida zaidi kwa safari ya kurudi. Maana embe la Tabora, nanasi la Bagamoyo na zabibu ya Dodoma nazo zina siku zao za kuhesabu, na mkulima wa huko, kama mwenzake wa Zengcheng, huzihesabu peke yake.